SOMO: KUFUNGA SPIKA KWA USALAMA KATIKA MAULIDI NA HITIMA

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mwaka tunakusanyika kwa ajili ya Maulidi, kuhitimisha Qur'an na mashindano ya kuhifadhi. Hapa Ujiji na Kigoma mikusanyiko mingi hufanyika uani kwa madrasa, barazani mwa msikiti au chini ya mwembe. Watoto huketi kwenye mikeka ya mbele kabisa, karibu na spika. Mara nyingi spika zenyewe huletwa saa za mwisho na kufungwa kwa haraka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa haifai kujidhuru wala kumdhuru mwingine. Basi lengo la somo hili ni moja: sauti imfikie kila msikilizaji, na kila aliyekuja arudi nyumbani salama.

1. UMEME NA MAJI

Watu wetu hufika wakitoka kutawadha. Mikono na miguu imelowa, na ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Umeme wa majumbani ni volti 230, nao unatosha kuua. Kwa hiyo tuzingatie haya:

(a) Maungio yote ya waya yawekwe juu ya meza, mbali na mahali pa kutawadhia. Msomaji akaushe mikono kabla ya kushika maikrofoni.

(b) Tutumie plagi ya pini tatu. Pini ndefu ni ya waya wa ardhi. Bati la maikrofoni limeungana na bodi ya amplifaya kupitia waya wake. Amplifaya ikivujisha umeme, waya wa ardhi huupeleka ardhini. Waya huo ukikatwa, umeme utapita kwa msomaji aliyeshika maikrofoni.

(c) Tusichomeke waya mtupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti.

(d) Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringishwa hupata moto na unaweza kuungua. Upitishwe kando ya ukuta, si chini ya mikeka.

(e) Mtu akinaswa na umeme tusimguse. Kwanza tuzime swichi kuu, ndipo tumsaidie.

Umeme ukikatika, wengi huwasha jenereta. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Petroli isiongezwe mpaka izimwe na ipoe.

2. MAHALI PA SPIKA

Spika ni nzito, na watoto hupenda kuegemea. Miguu ya stendi ipanuliwe kabisa juu ya ardhi tambarare na iwekewe mfuko wa mchanga. Tusifunge spika kwenye tawi la mwembe wala kuipandisha juu ya madawati yaliyopangwa.

Spika ziwe juu kuliko vichwa vya walioketi, ili sauti ipite juu yao na kufika nyuma. Ziwe mbele ya maikrofoni zikiwatazama wasikilizaji. Maikrofoni ikitazama spika, sauti hurudi ndani yake tena na tena, na hapo ndipo tunasikia ule mlio mkali wa filimbi. Dawa yake ni kupunguza sauti na kusogeza maikrofoni karibu na mdomo. Kuifunika kichwa kwa kiganja huongeza mlio.

Tusome pia maandishi nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Kama amplifaya haikubali chini ya omu 8, itapata moto na kuharibika.

3. KIASI CHA SAUTI

Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Aliye mita 1 kutoka kwenye spika hupata desibeli 12 zaidi ya aliye mita 4. Wataalamu wanasema sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 muda ni dakika 15 tu, na Maulidi huchukua saa kadhaa! Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa haziioti tena.

Basi mkeka wa kwanza uanze mita 4 kutoka kwenye spika. Ni bora kuwa na spika mbili ndogo, moja mbele na nyingine upande wa akina mama, kuliko moja kubwa inayopiga kelele. Ikiwa inakubidi upaze sauti ili aliye karibu nawe akusikie, basi imezidi.

Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimkuta Abubakar (R.A.) akiswali usiku kwa sauti ya chini, na Umar (R.A.) kwa sauti ya juu. Alimwambia wa kwanza aongeze kidogo na wa pili apunguze kidogo. Jirani mgonjwa na mtoto mchanga wana haki juu yetu. Nchi yetu nayo ina Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015.

4. MVUA NA RADI

Mkoani kwetu radi ni nyingi wakati wa mvua. Tukisikia ngurumo tusimamishe shughuli, tuingie ndani ya jengo imara na tukae mbali na waya. Plagi zichomolewe mapema, kabla radi haijakaribia. Tusijikinge chini ya mwembe. Tusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

5. KUWASHA NA KUZIMA

Amplifaya iwashwe mwisho na izimwe kwanza, sauti ikiwa imeshushwa. Tuteue mtu mzima mmoja wa kusimamia, na kazi ya waya afanye fundi.

ZOEZI

1. Kwa nini pini ya waya wa ardhi isikatwe?
2. Eleza sababu ya mlio wa filimbi na dawa yake.
3. Pima ua wa madrasa yako, kisha uchore mahali pa spika, maikrofoni na mkeka wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.