SOMO LA USALAMA KAZINI: MANYOYA YALIYOKWAMA KATIKA INJINI



Leo tunaleta somo juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni manyoya ya ndege. Linawahusu hasa ndugu zetu wa viwanja vya ndege: mafundi, wafagizi, wakata nyasi, wazima moto na wapakiaji wa mizigo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kiswahili chetu humwita ndege yule mwenye mabawa, na huita ndege kile chombo kinachobeba abiria. Ili tusichanganyikiwe, hapa tutasema ndege kwa kiumbe, na eropleni kwa chombo.

1. AJALI YA BOSTON

Tarehe 4 Oktoba 1960, eropleni ya shirika la Eastern Air Lines iliruka kutoka uwanja wa Logan, mjini Boston, Marekani. Ilikuwa na injini nne na watu 72. Sekunde chache baada ya kuondoka ardhini iliingia katika kundi la ndege. Injini zikameza ndege hao, nguvu ikapungua, eropleni ikaanguka majini. Watu 62 walikufa.

Wachunguzi walikuta mabaki ya manyoya. Lakini ya ndege gani? Manyoya yalipelekwa Washington, katika makumbusho ya Smithsonian, yakamfikia mama mmoja aitwaye Roxie Laybourne, aliyezaliwa mwaka 1910. Mama huyu alianza kazi hapo mwaka 1944, na kazi yake ilikuwa ya mikono: kuchuna ndege waliokufa, kuwajaza pamba na kuwatengeneza wahifadhiwe. Kwa kuzoea kuwashika alijua manyoya yao kama fundi cherehani ajuavyo vitambaa. Aliyatambua yale ya Boston kuwa ya kwenzi wa Ulaya, ndege mdogo ambaye kwa kawaida hafikii hata gramu mia.

Baada ya ajali hiyo serikali ya Marekani ilianza kuweka kanuni za kupima kama injini inaweza kuvumilia kumeza ndege. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuwekwa bila kujua ndege wanaoingia ni wa aina gani na wana uzito gani. Mama Laybourne aliendelea na kazi hiyo miaka mingi na kuwafundisha wengine, mpaka alipofariki mwaka 2003.

2. UNYOYA UNAVYOSOMWA

Mabaki yanayotoka katika injini huwa machafu, yamejaa damu, mafuta na masizi. Kazi huenda hivi:

(a) Manyoya huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha hukaushwa kwa hewa mpaka yarudie umbo na rangi yake.

(b) Hulinganishwa na ngozi za ndege zilizohifadhiwa makabatini. Smithsonian ina vielelezo vya ndege zaidi ya laki sita. Mtaalamu hutazama rangi, ukubwa, mistari na madoa.

(c) Kama unyoya umevunjika na rangi haisemi kitu, hutazamwa sehemu ya chini iliyo laini, ile tunayoiita malaika. Chini ya hadubini nyuzi zake zina vifundo vidogo. Vifundo vya njiwa si kama vya bata, na vya bata si kama vya kuku. Kwa hiyo hata kipande kidogo huonyesha ukoo wa ndege.

(d) Kama imebaki damu au nyama tu, siku hizi hupimwa chembe za urithi, yaani DNA.

3. KWA NINI TUJUE JINA LA NDEGE

Wengine watasema: ndege ni ndege, wafukuzwe wote. Ndugu, dawa ya malaria haitibu kichocho. Njiwa hufuata nafaka iliyomwagika na hutaga katika mapaa ya mabanda. Mwewe hufuata panya na mizoga. Korongo wakubwa wa jalalani, ambao Waganda huwaita kaloli, hufuata takataka na mabaki ya machinjio. Bata hufuata maji yaliyotuama. Nyasi zikiachwa ndefu huwazuia ndege wa aina fulani, lakini huweza kuwaficha panya, na panya humleta mwewe. Asiyejua jina la ndege atatumia fedha nyingi kupiga fataki, na kesho yake ndege watarudi.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Tarehe 15 Septemba 1988 eropleni ya Ethiopian Airlines ilikuwa ikiruka kutoka Bahir Dar, Ethiopia, ikiwa na watu 104. Kundi la njiwa wenye madoadoa liliingia katika injini zake zote mbili. Marubani walijaribu kurudi uwanjani, lakini injini zikazimika. Wakatua kwa tumbo nje ya uwanja, na moto ukawaka. Watu 35 walikufa.

Tena, wakati mwingine jina peke yake halitoshi. Tarehe 15 Januari 2009 eropleni ya US Airways iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York. Ikagonga bata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na rubani akatua juu ya mto Hudson. Watu wote 155 waliokoka. Manyoya na DNA vilionyesha kuwa ni bata bukini wa Kanada. Ndege hao wako wa namna mbili: wanaokaa New York mwaka mzima, na wanaohama kutoka kaskazini. Wataalamu walipima haidrojeni iliyomo ndani ya manyoya, kwa sababu hiyo hufuata maji ya mahali manyoya yalipoota. Wakaona kuwa hao walikuwa wahamaji. Kumbe kuwapunguza bata wa jirani na uwanja pekee kusingemaliza hatari.

4. MIKONO YA KWANZA

Sasa tufike kwetu. Mtaalamu hawezi kusoma unyoya ambao hakuletewa. Nani huukuta kwanza? Ni mfagizi wa njia ya kurukia na fundi anayefungua injini. Mara nyingi hao ndio wenye mshahara mdogo kuliko wote, tena wengine ni vibarua. Kibarua akiambiwa "osha upesi, eropleni iondoke," ataosha, na ushahidi utakwenda na maji. Fundi akiogopa kulaumiwa kwa kuchelewesha safari, atanyamaza. Hapo usalama wa abiria, marubani na wahudumu umepotea, na hakuna aliyejua.

Kwa hiyo yatupasa kufanya haya:

(a) Okota manyoya mazima pamoja na malaika yake. Usiyakate, wala usiyabandike kwa gundi.

(b) Damu au nyama ipanguse kwa karatasi safi yenye spiriti. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, huharibu DNA.

(c) Tia katika mfuko safi, andika tarehe, saa, mahali na namba ya eropleni.

(d) Usishike kwa mikono mitupu. Ndege wana magonjwa.

Na mwajiri naye ana wajibu: glavu, sabuni, mifuko, muda wa kuokota, na ahadi ya maandishi kwamba anayetoa taarifa hataadhibiwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hukusanya taarifa za migongano hii kutoka nchi wanachama. Basi kutoa taarifa ni sehemu ya kazi, si umbeya. Wala elimu haiko mbali: Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, yana mkusanyo mkubwa wa ndege wa Afrika Mashariki.

5. MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika uwanja wenu, ndege gani huonekana zaidi, saa ngapi, na wanafuata nini?

2. Mara ya mwisho eropleni ilipogonga ndege, mabaki yalikwenda wapi? Nani aliandika?

3. Je, kibarua wa siku moja anajua ampe nani manyoya aliyoyaokota?

4. Je, glavu na mifuko ipo? Kama haipo, katibu wa tawi aliandike jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho na mwajiri.