Mbona Mnabishana na Biblia ni Moja?



Umepewa karatasi hii ukiwa umesimama pembeni ya uwanja, pengine ulifuata muziki tu. Karibu hivyo hivyo. Iko hoja moja ambayo vijana wa Muleba huwatupia walokole, na wala si hoja ya kijinga: "Pataneni kwanza nyie wenyewe, halafu ndiyo mje kutuhubiri. Huyu anabatiza mtoto mchanga, yule anasema mpaka uzamishwe majini. Huyu anakunywa, yule anasema pombe ni dhambi. Wote mmeshika Biblia. Sasa mimi nimfuate nani?"

Swali hilo hatulikimbii. Hata Biblia yenyewe hailikimbii.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 15. Kanisa lilikuwa bado changa, na tayari watu wanabishana vikali: je, mtu wa mataifa anaweza kuokoka bila kutahiriwa? Wakakaa kikao Yerusalemu. Petro akasema, Paulo na Barnaba wakatoa ushuhuda, Yakobo akafunga hoja: mtu haokolewi kwa kutahiriwa, anaokolewa kwa neema. Hapo hapakuwa na nusu kwa nusu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mlango wa wokovu. Lakini soma mpaka mwisho wa sura. Paulo na Barnaba, watumishi wale wale, wanagombana juu ya kijana mmoja, Yohana Marko, wamchukue safarini au wamwache. Wakatengana! Huyu akaenda Kipro, yule akaenda Shamu. Hakuna aliyemwita mwenzake mpagani. Na miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anaagiza aletewe Marko yule yule, maana anamfaa (2 Timotheo 4:11).

Basi yapo ya mlangoni, na yapo ya safarini. Ukiyachanganya utaumia, au utamwumiza mtu.

RUBISI NA BUNI

Tuje nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho uliokuwa umewaka Rwanda na Uganda uliingia Buhaya. Waliookoka wakaitwa Abalokole. Waliungama dhambi hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, na wakaacha rubisi. Kwa mtu asiye wa huku hilo la mwisho ni dogo. Wewe unajua si dogo! Ndizi zimeiva, zimekanyagwa na majani, juisi imechanganywa na mtama ndani ya mtumbwi wa mti, kesho yake ukoo unakaa. Mahari ilizungumzwa na rubisi, mgeni alipokelewa na rubisi, na wazee wa zamani waliwapa nayo mizimu. Kijana aliyekataa kibuyu alionekana amekataa ukoo mzima. Abalokole walikuwa na sababu yao: hawakutaka mkono mmoja uwe kwa Yesu na mwingine kwenye mizimu.

Lakini walikuwapo Wakristo wengine waliosema, "Sisi tunakunywa kwa kiasi harusini, wala hatumkumbuki mzimu yeyote. Yesu naye alikwenda harusi ya Kana." Nani mkweli?

Sasa angalia buni, zile punje za kahawa zilizokaushwa tunazomkaribisha nazo mgeni. Zamani watu wawili waliofanya undugu wa damu walitafuna punje hiyo iliyopakwa damu yao. Ni agano kabisa! Leo mchungaji anatafuna, padri anatafuna, bibi yako mlokole anatafuna, na hakuna anayeona dhambi. Punje ni ile ile. Kilichobadilika ni kile kilichomo moyoni mwa anayetafuna.

Ndiyo maana ya Warumi 14. Huko Rumi mmoja alikula nyama, mwingine alikula mboga tu kwa kuogopa sanamu. Paulo hakupiga kura. Alimwambia anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, maana wote wawili watasimama mbele ya Mungu. Akaongeza jambo zito: ukila huku moyo wako unakushtaki, kwako ni dhambi, hata kama kwa jirani yako si dhambi. Na ukijua kikombe chako kitamwangusha ndugu aliyetoka kwenye ulevi juzi, kiache, kwa upendo tu.

Mimi sinywi rubisi. Ukiniuliza nitakushauri usinywe, maana ada za shule ngapi zimeishia kwenye kibuyu? Lakini sitakuambia kwamba kuacha rubisi ndiko kuokoka. Wapo wasiokunywa tone, na chuki imewajaa hadi kooni.

Hata Abalokole walihitilafiana. Wengine walijitenga, wengi walibaki katika makanisa yao. Josiah Kibira, Mhaya, aliokoka katika uamsho ule na akabaki Mlutheri. Akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi mwaka 1964, na kuanzia 1977 hadi 1984 aliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Hakungoja Wakristo wote wapatane ndipo amfuate Yesu.

Unataka kujua mambo ya safarini yakigeuzwa kuwa ya mlangoni huwa nini? Shika barabara ya kwenda Mwanza, utapita Buseresere, mkoani Geita. Hapo Februari 2013 watu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya buchani, na mchungaji mmoja wa Kipentekoste akauawa. Kwa nyama! Paulo alikwisha kuandika: kinachouzwa sokoni, kula bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:25).

USINIIBIE WARUMI 14

Najua kuna anayetabasamu hapa. "Basi kila mtu na dhamiri yake, mimi na demu wangu tunajuana wenyewe." Hapana, bwana! Kikao kile kile cha Yerusalemu kilichomwondolea mtu wa mataifa mzigo wa kutahiriwa kilimwambia ajiepushe na uasherati. Mwenye mtumbwi anayemnyima binti samaki mwaloni mpaka amtoe mwili, huyo hana suala la dhamiri. Anamwibia mtoto wa watu. Na wewe dada uliyebanwa hivyo, Yesu hakuhesabu pamoja na mnyang'anyi wako.

Tena iko hoja nyingine inayoua watu kimya kimya. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana hospitali ya Ndolage, hapa hapa Muleba, mwaka 1983. Unajua nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Tangu 2004 dawa za kupunguza makali zinatolewa bure nchini. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wakristo tukagawanyika: huyu anasema ni Mungu, yule anasema ni uganga. Wapo waliotupa vidonge vyao njiani.

Mimi naamini Yesu anaponya. Nitaweka mikono juu yako jioni hii ukitaka. Lakini soma Luka 17:14. Wale kumi wenye ukoma Yesu aliwatuma wapi? Kwa makuhani, wakakaguliwe! Uponyaji wa Yesu hauogopi kipimo. Mhubiri akikuambia utupe dawa ili uonyeshe imani, usimtii, hata kama ananena kwa lugha. Endelea kumeza, endelea kuomba, rudi kliniki tarehe uliyopangiwa. Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na Paulo alimwita mpendwa.

Mlangoni kuna nini basi? Kristo alikufa kwa dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu (1 Wakorintho 15:3-4). Juu ya hilo Mkatoliki wa Rubya, Mlutheri wa Ndolage na mlokole wa jukwaani hawabishani. Leo hakuna anayekuomba uchague dhehebu. Kama unataka kuingia, sema naye kwa Kiswahili au Kihaya, anasikia vyote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejificha nyuma ya ugomvi wa Wakristo. Nisamehe. Ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Ingia moyoni mwangu, unifundishe lililo mlango na lililo safari. Amina."

Mahubiri yakiisha usikimbilie bodaboda. Njoo mbele ya jukwaa, kuna ndugu na dada watakaokaa nawe. Uje na maswali yako yote, hata lile la ubatizo.