Kiti Kitupu Siku ya Kufunga Shule



Mtoto ameleta barua kutoka shuleni. Wazazi wanaalikwa siku ya kufunga shule, saa tatu asubuhi, na watoto wataimba na kuigiza. Mama anaisoma, kisha anampa baba. Baba anaitupia jicho na kuirudisha mezani. "Utakwenda wewe, mama watoto. Mimi nimeshahangaikia karo." Mama ananyamaza, lakini moyoni anasema, "Huyu hamjali mtoto wake." Usiku huo wanalala wakipeana migongo.

Tuseme ukweli: tunawapenda watoto wetu, lakini si kila mara tunapenda kwenda kuwatazama. Tunaketi chini ya hema tangu asubuhi, na mgeni wa heshima anafika saa tano. Hotuba zinafuatana. Mtoto wetu ni wa ishirini na tatu katika ratiba, ataimba dakika tatu, naye yuko mstari wa nyuma. Mzazi anafurahi na kununung'unika kwa wakati mmoja. Hisia hizo si dhambi. Linaloumiza nyumba ni kuzificha, kwa maana mwenzako atakisia sababu, na mara nyingi atakisia vibaya.

Kilichofichika moyoni

Wengine wanahofia riziki. Mchuuzi asiyefungua kibanda siku hiyo hana cha kupika jioni. Wengine wanaona aibu: karo haijaisha, na wanaogopa kukutana na mwalimu mkuu mbele za watu. Wapo wanaotazama viatu vyao, kisha wakatazama magari ya wazazi wenzao, wakaona heri kubaki nyumbani.

Tena kuna jeraha la zamani. Wengi wetu tulikariri ngonjera mbele ya mama za watu wengine, kwa kuwa wetu walikuwa shambani. Leo twasema, "Mbona sisi tulikua tu?" Ndiyo, tulikua. Lakini kama bado tunaikumbuka siku ile, je, kweli tulipona?

Tuchukue mfano wa mume aliyekataa kwenda miaka miwili mfululizo. Mkewe alimlaumu kila muhula kwamba ana moyo mgumu. Usiku mmoja alimwuliza kwa upole, "Baba watoto, ni nini hasa?" Naye akajibu, "Ni salio la karo. Siwezi kuitwa pembeni mwanangu akiona." Mama alitambua kwamba muda wote alikuwa akipigana na adui asiyekuwepo. Juma lililofuata walikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, siku ya kawaida, wakapatana kulipa kidogo kidogo. Siku ya kufunga shule, baba aliketi chini ya hema bila hofu.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio, alikumbusha kwamba wajibu huo hauwezi kukabidhiwa wengine wote kabisa. Basi karo, hata ikilipwa yote, hainunui ruhusa ya kutokuwepo.

Tutazame pia Luka 2. Mtoto Yesu alipobaki Yerusalemu, Yosefu hakumtuma Maria peke yake. Walirudi wote wawili, wakamtafuta hata siku ya tatu, wakamkuta hekaluni kati ya walimu. Hawakuelewa jibu alilowapa, lakini walikuwapo. Nasi hatuhitaji kuelewa kila wimbo. Mtoto anapopanda jukwaani, kwanza huangaza macho akitutafuta.

Mfanye nini?

Barua ikifika, ambianeni sababu ya kweli kabla ya kuamua. Kama hamwezi kwenda wote, peaneni zamu, isiwe mzigo wa mama daima. Mwambieni mtoto mapema nani atakuja. Ahadi iliyovunjwa humwuma kuliko kiti kitupu alichoambiwa mapema.

Mkifika, wekeni simu mfukoni walau kwa wimbo mmoja. Msiondoke mara tu mtoto wenu anaposhuka jukwaani. Yupo ambaye hakuna aliyemjia, naye apigiwe makofi. Kama shule inashiriki tamasha la muziki au la drama na imeshindwa katika ngazi ya kaunti, msianze kuhesabu makosa njiani. Mtajieni jambo moja mliloliona yeye akilifanya, ajue mlikuwa mkimtazama.

Na aliyekosa kwa sababu ya kazi asikate tamaa. Jioni, kabla ya Rozari, aketi na kumwomba mtoto aimbe tena. Sebule ni jukwaa tosha.

Maswali ya kujadiliana wawili

1. Nilipokuwa mtoto, nani alikuja kunitazama shuleni? Nilijisikiaje?
2. Ni sababu gani ya kutokwenda ambayo sijawahi kukuambia?
3. Muhula huu, nani atakwenda, na mwingine ataacha nini ili aweze?

Sala: Ee Familia Takatifu ya Nazareti, tufundishe kuambiana ukweli kwa upole, na kuwapo watoto wetu wanapotutafuta kwa macho. Amina.