Kuvu Sugu: Jinsi Maabara Inavyopima Nguvu ya Dawa

Mkazi wa Mwazye, katika uwanda wa juu wa Ufipa, huifahamu kuvu kwa sura nyingi. Huiona katika mahindi yaliyoingizwa ghalani kabla ya kukauka, na huiona katika mapunye ya vichwani mwa watoto. Lakini ipo kuvu nyingine isiyoonekana kwa macho, iitwayo Cryptococcus neoformans, ambayo huishi udongoni na katika kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Binadamu huivuta pamoja na vumbi. Mwenye afya kwa kawaida haimdhuru. Bali kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, kuvu hiyo hutoka mapafuni ikafika ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Asipotibiwa, mgonjwa hufa.

Dawa za kuvu ni chache, na sababu yake ni ya kibiolojia. Seli ya kuvu ina kiini kama ilivyo seli ya binadamu, hivyo sumu iiuayo moja huelekea kuidhuru ya pili. Wataalamu walipata upenyo katika utando wa seli: wa binadamu una kolesteroli, wa kuvu una ergosteroli. Flukonazoli huzuia kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli. Dawa hii ni ya vidonge na bei yake ni nafuu, ndiyo maana ilienea sana Afrika. Lakini huidumaza kriptokokasi badala ya kuiua.

Je, maabara hujuaje kwamba dawa ingali na nguvu? Huandaliwa bamba la plastiki lenye visima vidogo 96. Kisima cha kwanza hutiwa dawa mikrogramu 64 kwa mililita, cha pili 32, cha tatu 16, na kuendelea kwa nusu hadi 0.125. Kila kisima hupewa chakula cha majimaji na idadi ndogo ya seli za kuvu, kati ya 500 na 2,500 kwa mililita, kisha bamba huwekwa katika joto la nyuzi 35 za Sentigredi. Kuvu za jamii ya Candida husomwa baada ya saa 24; kriptokokasi, iotayo polepole, huhitaji takriban saa 72. Kiasi kidogo kabisa cha dawa kilichopunguza ukuaji kufikia nusu ndicho jibu. Mwalimu aweza kuonyesha hesabu hii darasani kwa mirija kumi na maji ya rangi, akihamisha nusu ya kila mrija hadi mrija unaofuata wenye maji matupu ya ujazo huohuo. Kuvu yenyewe isioteshwe shuleni.

Nchini Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulipima kuvu 198 kutoka kwa wagonjwa 175 waliotibiwa kati ya 2010 na 2014. Mikrogramu 8 zilitosha kuzuia nusu ya kuvu hizo, lakini kiasi cha 31 kwa mia zilihitaji 16 au zaidi. Kwa Candida albicans, mikrogramu 8 tayari huhesabiwa kuwa usugu. Kwa kriptokokasi hakuna mpaka wa flukonazoli uliokubaliwa kimataifa, kwa hiyo tarakimu hizo zatia wasiwasi bila kutoa hukumu.

Tena tarakimu yaweza kudanganya. Kisima chenye mililita 0.2 hupata seli kati ya 100 na 500 tu. Ikiwa seli sugu ni moja katika 10,000, yaelekea haitakuwamo hata moja, na kuvu itaandikwa kuwa dhaifu. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 20 wa Tanzania, ambao kuvu zao zilioteshwa moja kwa moja kutoka katika maji ya uti wa mgongo. Kwa wote, tangu siku ya kwanza, zilikuwamo seli chache sugu. Waliopewa flukonazoli peke yake, seli hizo ziliongezeka; waliopewa pamoja na flusitosini, hazikuonekana tena. Siri yake ilikuwa hasa kromosomu ya kwanza kuwa maradufu: humo zimo jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na jeni ya pampu iitoayo dawa nje ya seli.

Na ichukuliwe mfano wa mgonjwa wa Mwazye. Kipimo cha ukanda huonyesha kuwapo kwa kriptokokasi kwa dakika kumi hivi, lakini hakisemi lolote juu ya usugu. Kuvu ioteshwe kwanza, siku kadhaa, ndipo saa 72 zianze kuhesabiwa, achilia mbali safari ya sampuli hadi Sumbawanga na mbele zaidi. Ugonjwa haungoji. Ndiyo maana mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataka dawa tatu tangu mwanzo: dozi moja kubwa ya amfoterisini B iliyofungwa katika mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Palipo na flukonazoli peke yake, mgonjwa huanza tiba ambayo seli zake chache sugu zimekwisha kuishinda.