Nyuki wa Olkaria na Mabumba Yao: Mafunzo Niliyopata

Nafuga nyuki kwa kupenda, si kwa biashara, huku Olkaria, jirani na Hifadhi ya Hell's Gate. Mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme hapa tangu 1981, lakini juu ya ardhi maji ni haba, udongo ni wa volkano, na vichaka vya leleshwa vimetawala kila mteremko. Nyuki wanapapenda. Kuwafanya wakae ndiyo kazi.

1. Kugawanyika ni jambo moja, kuhama ni jingine.
Kundi lililoshiba huzaa kundi jipya, yaani bumba: malkia mzee hutoka na sehemu kubwa ya vibarua, na nyuma hubaki asali, majana na seli za malkia wapya. Hiyo ni dalili ya afya. Lakini kundi likihama, huondoka lote na kuacha masega matupu. Limefukuzwa na njaa, kiu, jua kali, siafu, nyegere, au mfugaji anayefunua mzinga kila mara. Nyuki wetu, Apis mellifera scutellata, huhama kwa wepesi ambao nyuki wa Ulaya hawanao, na vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa kwa ajili ya hao wa Ulaya. Ndiyo maana kabla ya kutafuta dawa, mimi hutazama kwanza kilichobaki mzingani.

Nguvu ya nyuki hawa ya kugawanyika na kuhama imeonekana hata ng'ambo ya bahari. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia wa nyuki wa Kiafrika. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Yakachanganyika na nyuki wa huko, yakagawanyika na kusonga mbele, na mwaka 1990 uzao wao ulifika Texas.

2. Mzinga hutoa habari mapema.
Mvua ikishanyesha na migunga ikachanua, nakagua kila wiki. Nyuki dume wakiongezeka na masega yakajaa majana hadi pembeni, natafuta seli za malkia: zinaning'inia zikielekea chini, kama ganda la karanga. Tangu yai litagwe hadi seli izibwe ni siku 8 hivi, na bumba la kwanza hutoka karibu na wakati huo. Anayekagua mara moja kwa mwezi atakuta limeshakwenda.

3. Nafasi inazuia kuliko kisu.
Wapo wanaokata seli zote za malkia. Sipendekezi. Nyuki watajenga nyingine, na seli moja ikikuponyoka, bumba linatoka vilevile. Ukikata baada ya malkia mzee kuondoka, umewaacha yatima. Mimi natumia mzinga wa pau za juu, ule uliobuniwa Kenya miaka ya 1970, wenye pau za upana wa milimita 32. Navuna masega ya asali yaliyoiva na kuwaachia akiba, kisha natia pau tupu chache pembeni mwa masega ya majana. Kama seli zimeshajengwa, naligawa kundi mwenyewe: malkia mzee anakwenda mzinga mpya pamoja na masega ya majana, ya asali na nyuki wa kutosha, na seli nzuri zinabaki nyumbani.

4. Mzinga mtupu uwe tayari kabla ya mvua.
Bumba halingoji fundi seremala. Napaka pau nta iliyoyeyushwa, nasugua mchaichai kwenye ukuta wa ndani, na kutundika mzinga kivulini kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasipande. Mzinga uliowahi kukaliwa huvuta kuliko mpya. Harufu yake ni mwaliko tosha.

5. Bumba lililotua bado linajadili.
Wapelelezi huruka kukagua mapango na mashimo ya miti, kisha hurudi kucheza ngoma ya kuonyesha njia. Mtafiti Martin Lindauer wa Ujerumani aliligundua hilo alipoona wachezaji waliochafuka vumbi la mahali walikotoka kukagua. Mjadala unaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa. Nyuki hawa wameshiba asali na hawana majana ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi ni wapole. Hata hivyo sivui wavu wa uso, na mifugo na watoto huondolewa kwanza. Mzee mmoja Mmaasai, jirani yangu, aliniambia, "Kijana, ngoja jua litue." Ni kweli. Jioni wapelelezi wote wamesharudi. Unalikung'uta tawi kwa mshindo mmoja ndani ya mzinga, na malkia akiingia, waliobaki nje watamfuata.

Ila nyuki waliokwisha kujenga masega ukutani au ndani ya sanduku la umeme si bumba tena. Wana nyumba ya kutetea, na hiyo ni kazi ya watu wenye mavazi kamili, wakiwa zaidi ya mmoja.

6. Majana ndiyo nanga.
Baada ya kuwaingiza, nawapa sega moja lenye majana machanga kutoka mzinga mwingine wenye afya. Nyuki hawaachi watoto kirahisi. Nawawekea pia karai la maji lenye mawe ya kutulia, na maji ya sukari ikiwa maua ni machache.

7. Kiangazi kikali wengine watahama tu.
Nakusanya masega waliyoacha siku ileile, kabla nondo wa nta hajataga, nayeyusha na kuchuja. Nta hiyo ndiyo nitakayopaka kwenye pau msimu wa mvua ukikaribia.