Mama Aliomba Viti, Yesu Akauliza Kikombe

Andiko la wiki: Mathayo 20:20–28
Soma pia: Marko 10:35–45, Luka 14:28–30, Wakolosai 3:20–21

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka na KUCCPS ikifungua tovuti yake, kuna vita ya kimya inaanza katika nyumba nyingi hapa kwetu, kutoka Busia mpaka Malaba. Mzazi anataka udaktari. Mtoto anataka kitu kingine, au bado hajui anataka nini. Mjomba aliye Nairobi anapiga simu, anasema uanasheria ndio uko na pesa. Siku ya mwisho mtoto anatumwa saiba na karatasi ya kozi zilizoandikwa na mtu mwingine. Kanisani tunaombea mtihani na tunatoa shukrani ya matokeo, lakini kwa huu uamuzi tumekuwa tukinyamaza. Wiki hii tusinyamaze.

1. Mama hakukosea kupenda

Mama ya wana wa Zebedayo alikuja kwa Yesu na vijana wake, akapiga magoti, akaomba mmoja akae kulia na mwingine kushoto katika ufalme. Mara nyingi tunamhubiri kama mtu wa tamaa. Lakini kumbuka Mathayo 4:21–22. Yakobo na Yohana walimwacha baba yao ndani ya mashua wakamfuata Yesu. Hiyo nyumba ya wavuvi ilipoteza mikono ya watu wawili siku moja. Mama aliyetoa hivyo, si ajabu akiuliza kesho ya watoto itakuwaje.

Wazazi wetu hapa mpakani ni hivyo hivyo. Mama anauza nafaka sokoni. Baba anashinda kwa boda boda, au anatafuta riziki kwenye foleni ya malori Malaba. Ng'ombe iliuzwa ndio karo ya kidato cha nne ikamalizika. Mzazi kama huyo akisema "wewe utakuwa daktari," haongei juu ya hospitali tu. Anasema hataki upigwe na jua lililompiga yeye. Kijana, kabla hujamjibu, sikia hiyo kwanza. Yesu hakumfukuza yule mama wala hakumwaibisha mbele ya watu. Alimuuliza anataka nini, akamsikiliza.

2. Swali la kikombe liliulizwa vijana

Mama ndiye aliyeomba, lakini jibu la Yesu liliwageukia vijana. Aliwaambia hawajui wanachoomba, kisha akawauliza kama wanaweza kunywa kikombe atakachokinywa yeye. Hakumuuliza mama kama yeye atakinywa. Kiti mtu anaweza kukuombea. Kikombe utakunywa mwenyewe.

Kila kozi iko na kiti na iko na kikombe. Kiti ni lile jina: daktari, wakili, injinia. Kikombe ni miaka ya kusoma, zamu za usiku, hesabu ngumu, watu utakaowahudumia siku umechoka. Hata deni ni sehemu ya kikombe. Mkopo wa HELB unaandikwa kwa jina la mwanafunzi, na yeye ndiye atakayeulizwa kuulipa, si mjomba wa Nairobi.

Kwa hivyo kijana, usiulize tu "hii kozi iko na jina?" Nenda ukaone kikombe. Ukifikiria uuguzi, tafuta muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Busia, umuulize siku yake inaanza saa ngapi na inaisha vipi. Ukifikiria mambo ya forodha na uchukuzi, Malaba iko hapa. Zungumza na watu wanaosafisha karatasi za mizigo. Na wewe unayesema "moyo wangu unataka hii," kikombe chako pia kikaguliwe. Moyo unaweza kutamani kiti sawasawa na vile mzazi anavyotamani.

3. Hili ni ombi la nani?

Linganisha Mathayo na Marko. Kwa Mathayo, mama ndiye anaomba. Kwa Marko 10:35, vijana wenyewe wanaomba. Maneno yaliyokuwa kwa mdomo wa mama yalikuwa pia kwa mdomo wa watoto. Mtoto akisikia "daktari wetu" tangu akiwa darasa la nne, akifika miaka kumi na nane anaweza kuapa kwamba ni yeye alichagua. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Ndiyo maana kabla ya kujaza chochote, kijana achukue siku ya kufunga na kuomba, ajiulize mbele za Mungu: kama hakuna mtu angejua nimechagua nini, ningechagua nini?

4. Keti chini uhesabu

Luka 14:28 inatufundisha kwamba anayejenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Tuhesabu.

Kwanza, pointi. Wastani wa C+ unafungua mlango wa digrii, lakini hauchagui kozi. Kila kozi ina klasta ya masomo manne, na pointi za klasta mwisho wake ni 48. Mtoto anaweza kuwa na B nzuri lakini Kemia na Biolojia zikamwangusha kwa udaktari. KUCCPS huonyesha pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa katika kozi hiyo miaka iliyopita. Mzazi na mtoto waziangalie pamoja, kwa simu moja.

Pili, pesa. Tangu 2023 serikali ilibadilisha njia ya kulipia vyuo vikuu: kuna udhamini, kuna mkopo, na kuna sehemu ya familia, kulingana na hali ya nyumba. Ongeza nyumba ya kupanga, chakula na nauli. Alupe iko hapa kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba. Masinde Muliro iko Kakamega, Kibabii iko Bungoma. Chuo cha karibu si chuo cha aibu. Kwa familia nyingine, tofauti ya nauli na nyumba peke yake ndiyo itaamua kama mtoto atamaliza.

Tatu, mpangilio. Usiweke kozi usiyoitaka kwa orodha eti kumfurahisha baba. Kompyuta haitauliza uliiweka kwa heshima ya nani. Unaweza kupangiwa hiyo hiyo. Ni kweli kuna nafasi ya kuomba kuhama baadaye, lakini pointi za ile kozi unayohamia bado zitaangaliwa.

5. Namna ya kuongea nyumbani

Wakolosai 3:20 inawaambia watoto watii wazazi. Mstari unaofuata unawaambia akina baba wasiwachokoze watoto mpaka wakate tamaa. Mistari hiyo miwili isisomwe mmoja bila mwingine.

Kijana, usidanganye. Kusema "ndiyo baba" mezani, halafu ubadilishe kozi usiku kwa simu, si hekima. Uongo huo utajulikana siku ya barua ya chuo, na hapo hata kozi nzuri itaonekana ni uasi. Chagua wakati mzee ametulia. Anza na shukrani. Onyesha pointi, onyesha gharama, sema kikombe uko tayari kunywa na kwa nini. Kama maneno yanakataa kutoka, tafuta shangazi, mjomba au mzee wa kanisa mnayemheshimu nyote aende na wewe. Wachungaji pia tuko, tuiteni. Fanya hivyo mapema, si usiku wa mwisho tovuti inafungwa.

Mzazi, una haki ya kusema mfuko wako unaweza nini na hauwezi nini. Sema ukweli huo na mtoto atauheshimu. Una haki ya kuonya, maana umeona mengi. Lakini usimfanye mtoto alipe deni la ndoto yako. Na kama pointi zimempeleka chuo cha ufundi, kama Bumbe kule Samia, usifiche uso sokoni. Katika Kutoka 31, Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, shaba, mawe na mbao. Sisi Wapentekoste tunaopenda ujazo wa Roho tusidharau fundi.

6. Mama alifika wapi?

Wale wanafunzi kumi waliposikia, walikasirika. Ukoo na majirani wataongea. Hiyo haikuanza leo. Yesu naye alisema viti vile si vyake kugawa, viko mkononi mwa Baba. Kuna mambo hata mzazi mwenye upendo mwingi hawezi kumpangia mtoto.

Vijana walikunywa kikombe. Yakobo aliuawa kwa upanga wa Herode (Matendo 12:2). Na mama? Mathayo 27:56 inamtaja kati ya wanawake waliokuwa pale msalabani. Viti alivyoomba hakuviona. Mkono wa kulia na wa kushoto wa Yesu siku hiyo walikuwa wanyang'anyi wawili. Lakini mama hakuenda nyumbani kwa hasira kwa sababu ombi lake halikujibiwa alivyotaka. Alibaki. Mzazi, mtoto wako anaweza kukosa kiti ulichomwombea. Akiwa anakunywa kikombe chake, atakutafuta kwa macho. Uwe karibu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Wazazi: ni kiti gani nimemwombea mtoto wangu bila kumuuliza juu ya kikombe?
2. Vijana: ni jambo gani juu ya kozi sijamwambia mzazi wangu ukweli?
3. Sisi kama ushirika, nani kati yetu anaweza kumweleza kijana kazi yake halisi ilivyo? Jina liandikwe, siku ipangwe.

Tuombe: Baba, asante kwa wazazi waliojinyima kwa ajili yetu. Wape vijana wetu ukweli wa kusema na heshima ya kuusema. Wape wazazi masikio, na neema ya kubaki karibu. Katika jina la Yesu, Amina.