Jiko la Kuhimili Njia ya Masalani

Jiko la udongo nililolipenda nyumbani liliniangusha njiani kuelekea Masalani. Tulikuwa watu saba wa familia moja, Land Cruiser ikivuta trela ndogo iliyobeba mahema, mitungi ya maji na nyama ya mbuzi tuliyemchinja alfajiri hiyo. Jioni tuliposimama chini ya mgunga nikafunua turubai, nilikuta udongo wa ndani umekuwa vigae na bati la nje limebaki tupu. Tulichoma nyama juu ya mafiga, upepo ukitupulizia majivu usoni, na watoto wakala saa nne usiku. Tangu siku hiyo, nikitaka jiko la safari naitazama njia kwanza, ndipo nalitazama jiko.

Sina ugomvi na jiko la udongo. Lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi wa jua kali, na limeziokolea familia nyingi mkaa, kwa sababu udongo ule hushika joto lisipotee. Kwenye kibaraza cha nyumba mjini Garissa sioni la kulishinda. Lakini udongo hauvumilii mtikisiko. Ukishaiacha lami, barabara zetu zina matuta madogo yaliyopangana kama mawimbi, na trela huyapokea vibaya kuliko gari, maana springi zake ni ngumu na mzigo wake ni mwepesi. Kila kilichomo hurushwa na kupigwa tena kilomita baada ya kilomita. Ukilazimika kusafiri na jiko la udongo, lipakate ndani ya gari juu ya blanketi. Usilitie kwenye trela.

Kwa hiyo nunua chuma. Mwambie fundi akukatie bati la geji 16. La geji 18 ni jepesi kulibeba, lakini moto mkali wa mara chache tu hulipinda, na likishapinda, kifuniko hakikai tena. Sanduku la sentimita 60 kwa 30, lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, linawatosha watu saba kwa awamu mbili. Mafundi stadi wapo Garissa, na anayetoka Nairobi atawakuta wengi Kamukunji, mahali ambapo nyundo hazinyamazi kutwa nzima.

Miguu ndiyo watu huisahau. Miguu iliyopigwa ribiti hulegea baada ya safari mbili tatu. Taka miguu ya kufungwa kwa bolti, kila bolti na nati mbili, ya pili ikiikaza ya kwanza. Kisha chini ya kila mguu fundi achomelee kibati bapa kama kiganja, kwa sababu mchanga wetu humeza miguu myembamba, na jiko lililoinama upande mmoja huunguza nyama huku na kuiacha mbichi kule.

Halafu upepo. Msimu ambao Wasomali huuita hagaa, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo huvuma mchana kutwa na mara nyingi hautulii hata jua likizama. Jiko lililotobolewa pande zote, zuri kwa ua wa mjini, hapa huwa tanuri la mhunzi: mkaa unakwisha upesi, mafuta yanawaka, nyama inakuwa nyeusi nje na damu ndani. Matundu yawe upande mmoja tu, chini, na yawe na kibati cha kutelezesha ili uyafunge na kuyafungua. Upande huo uuelekeze kule upepo unakotoka ukitaka moto ukolee, na ukishakolea, ligeuze jiko. Kifuniko kirefu chenye bawaba kitafanya kazi ya ukuta wakati unageuza nyama, na kazi ya kuzima moto baadaye.

Wavu wa kuchomea nao una siri yake. Waya unaong'aa kama mabati mapya umepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Haufai kuwekewa chakula, hata ukipewa bure. Agiza wavu wa nondo nyembamba za chuma cheusi, milimita 6, zilizoachana kiasi cha upana wa kidole. Kabla ya safari liwashe jiko likiwa tupu kwa saa nzima, rangi na grisi ziungue, kisha usugue wavu na kuupaka mafuta ya kupikia.

Kama utaazima badala ya kununua, muulize mwenye jiko limechoma nini. Wavu uliowahi kuchoma nguruwe si wa kupeleka kwenye boma la watu wa Ijara au Habaswein, na hakuna haja ya kumwingiza mwenyeji wako kwenye shaka.

Je, gesi? Mimi hubeba vyote viwili. Alfajiri, chai ya maziwa haingoji mkaa ushike, na mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu huikamilisha kwa dakika chache. Njiani funga valvu, kisha ondoa kichomeo, simamisha mtungi na uukaze kwa kamba. Ukifika, kagua ringi ya mpira ya maungio, kisha paka maji ya sabuni hapo kabla ya kuwasha: yakitoa mapovu, gesi inavuja. Vikopo vidogo vya gesi vina onyo lake la nyuzi joto 50, na gari lililofungwa juani Garissa hupita hapo kwa urahisi. Visiachwe ndani.

Gesi ya mtungi pia ndiyo jiko la nyama ya ngamia. Mbuzi mchanga anakubali wavu moja kwa moja, lakini paja la ngamia ni gumu. Lichemshe kwanza hadi uma uingie, kisha ulimalizie kwenye mkaa. Nundu, ikiwa ipo, iweke pembeni mwa moto, kwa kuwa mafuta yake yakidondoka katikati huripuka miale. Na kwa siku ya pili, wakati nyama mbichi imeshaanza kukutia wasiwasi kwa joto, beba nyirinyiri, nyama iliyokwisha kukaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Haihitaji jiko lolote.

Mkaa wa mathenge unafaa sana, hushika moto na kudumu, na mti huo umejaa kote kandokando ya Tana tangu ulipoletwa. Ukiokota kuni zake mwenyewe, vaa viatu vya soli ngumu, maana mwiba wake hupita kandambili na hata tairi. Wakati wa kuwasha, mafuta ya taa yaache, harufu yake huingia kwenye nyama. Chukua mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, toboa matundu chini, tia vijiti vikavu halafu mkaa, usimamishe ndani ya jiko. Robo saa hivi mkaa umeiva.

Jiko la mkaa lisiingie hemani wala ndani ya gari, hata kuwe na baridi ya usiku, hata likionekana limekufa. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini.

Kabla ya kulala, funga matundu, funga kifuniko, na ukiwa umefyeka majani makavu hatua tatu kuzunguka jiko, huna haja ya kukesha ukiliangalia. Mifupa ichomwe au izikwe mbali na mahema, fisi wana pua. Asubuhi weka kiganja juu ya bati, si karibu nalo, juu yake kabisa. Ikiwa kiganja kinatulia hapo, mwaga majivu shimoni, yafukie, kisha lifunge jiko nyuma ya trela, upande usio na madumu ya petroli.